Meta Business Suite au Programu ya Kulipia: Chaguo la Muuza Kahawa wa Mbeya

Kwa anayekaanga kahawa ya Mbozi na kuiuza mjini Mbeya, Meta Business Suite, zana ya kampuni ya Meta ya kusimamia kurasa za biashara za Facebook na Instagram, haina ada, nayo humwonyesha ni watu wangapi walioliona tangazo lake la Facebook au Instagram, umri wao na miji wanayoishi. Kasoro yake ni kwamba haimwelezi yanayosemwa na watu ambao hawakuutaja ukurasa wake.

Pengo hilo huzibwa na programu za kulipia, ambazo siku hizi hutumia akili mnemba kufupisha maelfu ya maoni na kuyatenga, sifa upande huu na lawama upande ule. Nilijaribu moja kwa mwezi mzima. Mteja wa Mwanjelwa alipoandika "kahawa hii ni noma", sifa hiyo ikatupwa kwenye lawama (bila shaka haijawahi kukaa kijiweni). Aidha, malipo yake ni kwa dola, na mazungumzo ya WhatsApp, ambako wateja wangu wengi huagiza, yamesimbwa (yaani yamefichwa asiyehusika asiyasome) kiasi kwamba programu hiyo haiyafikii. Mimi ningeanza na ile ya bure, na kulipia tu mwezi ninapozindua bidhaa mpya.