PlantUML kwenye mradi wetu: kusakinisha dakika tano, kuzoea wiki tatu

Mchoro wa mfumo wetu ulikuwa picha moja ya PNG iliyosahaulika kwenye folda ya nyaraka. Aliyeuchora alishaacha kazi, na faili la asili aliondoka nalo. Kila aliyeongeza huduma mpya aliutazama, akaguna, akaendelea na yake. Ulionyesha hifadhidata mbili. Kwa kweli zilikuwa nne. Ndipo nikapendekeza tuhamie PlantUML, programu huria iliyopo tangu 2009. Unaandika maneno kwenye faili la maandishi, yenyewe inakuchorea visanduku na mishale.

Kuisakinisha si kazi. Unapakua faili moja la .jar, unahakikisha Java ipo, unaandika java -jar plantuml.jar mchoro.puml, na picha inajitokeza kwenye folda ileile. Nilianza na mchoro wa mfuatano: mteja anatuma ombi, seva inajibu. Ukatoka safi. Nikawatangazia wenzangu kwa mbwembwe kwamba mambo yako tayari.

Wapi! Mchoro wa pili, wa vijenzi (sehemu za mfumo na zinavyoungana), haukuwa na kisanduku hata kimoja, maandishi tu ya kunieleza kwamba Graphviz haionekani. Kumbe michoro ya mfuatano PlantUML huipanga yenyewe, lakini ya vijenzi huiachia Graphviz, programu nyingine kabisa, iamue nini kikae wapi. Mimi natumia Linux, ikanibidi niisakinishe kwa mkono wangu. Mwenzangu wa Windows hakuelewa nahangaika na nini, maana huko Graphviz ndogo huja ndani ya kifurushi. Na haya yote yameandikwa kwenye maelezo yao, mimi ndiye niliyeyaruka. Ukitaka kukwepa aibu yangu, kwanza endesha java -jar plantuml.jar -testdot, ikuambie kama usakinishaji uko sawa, ndipo utangaze.

Kwa usanifu tulichagua C4, utaratibu wa Simon Brown wa kuuonyesha mfumo kwa ngazi nne, kuanzia mbali kabisa hadi ndani ya msimbo. (Ngazi ya nne hatujaigusa, wala sioni wa kuigusa.) Hakuna cha ziada cha kupakua: mstari mmoja, !include <C4/C4_Container>, halafu unaandika kama hivi: Rel(malipo, foleni, "hutuma risiti"), yaani mshale kutoka malipo kwenda kwenye foleni ya ujumbe. Hata meneja wetu aliusoma mstari huo akauelewa.

Kilichonitoa jasho ni mpangilio. Hapa hukamati kisanduku kwa kipanya ukakiburuta. Jioni nzima nilitaka hifadhidata ishuke chini ya huduma ya malipo. Nikabadilisha Rel kuwa Rel_D (mshale wa kuelekea chini), ikashuka kweli, ila foleni ikarukia upande wa pili na mishale mitatu ikapishana katikati kama nyuzi za kitenge kilichochanika. Kesho yake nilihesabu visanduku: thelathini na moja. Nikaugawa mchoro mara tatu, ugomvi ukaisha bila kumlazimisha yeyote kushuka. Kama wewe ni mtu wa kupima nafasi kati ya kisanduku na kisanduku, hiki chombo kitakutesa.

Kabla ya kuugawa, mchoro huo mkubwa ulikuwa unatoka umekatwa upande wa kulia. Nilitafuta kosa kwenye maandishi yangu kwa muda mrefu, kumbe picha ina kikomo cha pikseli 4096. Unaweza kukipandisha kwa kuweka PLANTUML_LIMIT_SIZE=8192. Sisi tuliamua kutoa SVG, picha isiyojengwa kwa pikseli, kwa kuongeza -tsvg, na hadi leo sijaona mchoro uliokatika.

Jambo moja ni la kuangaliwa: ukichora kwenye seva ya umma ya PlantUML, ile anwani unayomtumia mwenzako hubeba mchoro mzima ndani yake. Kwa mfumo wa ndani, hapana. Tumeweka seva yetu kwa Docker, chombo cha kuendesha programu ikiwa imefungashwa tayari, mlango 8080, amri moja tu.

Wiki iliyopita kijana mgeni kwenye timu aliongeza huduma ya arifa, na ndani ya mabadiliko yaleyale ya Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo wetu, mlikuwa na mistari mitatu ya mchoro. Aliyeyapitia hakusema neno juu ya msimbo. Aliandika tu: "Huu mshale si umeelekea kinyume?" Kijana akaangalia, akakuta ni kweli, na siyo mshale tu: hata msimbo ulikuwa unaita huduma kinyume.