Baiskeli ya Kwenda Kazini: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Muuzaji akianza kwa kukuuliza unataka baiskeli ya gia ngapi, jua maongezi yameanzia pabaya. Mtu anayetafuta usafiri wa mjini ana maswali mengine kabla ya hilo. Italala wapi usiku? Utabeba nini? Mvua ikikukuta njiani, utafika kazini ukiwa katika hali gani? Tairi likipata pancha, fundi wa karibu ataliweza? Baiskeli nyingi zinazong'aa dukani zimetengenezwa kwa ajili ya mashindano au matembezi ya mwisho wa wiki, ndiyo maana wengi hununua chombo kizuri cha michezo, wakakipanda siku chache, kisha kikageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo.

Nimezipanga aina za kawaida kwa mtu wa kwenda kazini, sokoni au chuoni, safari ya kilomita 3 hadi 15 hivi, kwenye lami yenye mashimo yake. Kigezo changu ni siku mbaya, yaani siku ya mvua, giza, mzigo na haraka. Siku nzuri hakuna baiskeli mbaya.

1. Baiskeli ya mjini ya kukaa wima, yenye gia ndani ya habu (kitovu cha gurudumu)

Vijana huiona ya kizee. Usukani umeinuka, unakaa mgongo wima na kuona magari yote mbele yako bila kukunja shingo. Inakuja na madigadi kamili, keria, stendi, kengele, kifuniko cha mnyororo na mara nyingi taa za dinamo. Ukinunua baiskeli ya kimichezo, vyote hivyo utavinunua kimoja kimoja baadaye, na huenda fremu isiwe na matundu ya kuvifungia. Kwa hiyo unapolinganisha bei, linganisha baiskeli iliyokamilika na iliyokamilika. Pale ndipo ile "ghali" inapoonekana haikuwa ghali sana.

Ubora wake mkubwa umefichika kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Gia ziko ndani, zimefungwa pamoja na grisi yake, hazioni vumbi wala maji. Tena unaweza kubadilisha gia ukiwa umesimama. Asiyewahi kupanda baiskeli kwenye foleni hatajali jambo hili. Aliyewahi kufunga breki ghafla akiwa kwenye gia nzito, taa ikawaka kijani, naye akabaki anazikandamiza pedali huku magari yanampigia honi nyuma, atalielewa mara moja.

Sasa tuje kwenye imani kwamba gia 21 ni bora kuliko 3 au 7. Chukua mfumo wa kawaida wa gia 21: sahani tatu mbele zenye meno 28, 38 na 48, na nyuma vipande saba vya meno, kuanzia meno 14 hadi 28, kikiwemo cha 24. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma: 48 kwa 24, unapata 2. Gawanya 28 kwa 14, unapata 2 ileile. Ni gia moja iliyouzwa mara mbili, na ukiendelea kupiga hesabu utakuta nyingine kadhaa zinazokaribiana kiasi kwamba mguu hauwezi kuzitofautisha. Isitoshe, ukiunganisha sahani kubwa ya mbele na kipande kikubwa cha nyuma, mnyororo unakwenda mshazari na kuisha haraka, kwa hiyo baadhi ya gia hizo hupaswi hata kuzitumia. Swali la maana ni gia nyepesi kabisa na nzito kabisa zinaachana kwa kiasi gani. Habu ya kawaida ya gia 3, ambayo muundo wake ni wa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inapunguza robo kwenye nyepesi na kuongeza theluthi kwenye nzito, ukilinganisha na gia ya kati. Mji wa tambarare hauhitaji zaidi. Habu ya gia 8 ya Shimano Nexus inatoa gia kubwa iliyo mara 3 ya ndogo, na hiyo inatosha vilima vya kawaida.

Kasoro zake nizitaje. Ni nzito, kilo 16 hadi 20. Kufungua gurudumu la nyuma ni kazi, kwa sababu kuna nati na waya wa gia. Habari njema ni kwamba pancha nyingi zinazibika bila kulifungua: unatoa upande mmoja wa tairi, unavuta kipande cha tyubu chenye tundu, unabandika kiraka, unarudisha.

Na uzito wenyewe unaogopwa kupita kiasi. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 15 ni jumla ya kilo 90. Ukilipa pesa nyingi kupunguza kilo 2, umepunguza kama asilimia 2 ya kinachosukumwa. Uzito wa baiskeli una maana pale unapoibeba. Ukiishi ghorofa ya nne bila lifti, usome namba 4 kwa makini.

2. Haibridi (mchanganyiko wa baiskeli ya mbio na ya mlimani) yenye uma mgumu

Usukani ulionyooka, magurudumu makubwa, tairi la milimita 35 hadi 45, gia za nje. Ni nyepesi kuliko ya kwanza, inapanda mlima vizuri zaidi, na fundi yeyote anaielewa. Kwa bajeti ndogo ningeiweka hata namba moja, mradi tu ununue na madigadi na keria siku hiyohiyo. Ukisema utaziweka baadaye, mvua itakuwahi.

Sharti ni uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, uwe mgumu, usiwe na springi. Watengenezaji hupachika springi za bei rahisi kwenye haibridi kwa sababu mnunuzi akizibonyeza dukani huzipenda. Kumbe kinachomeza mashimo ya barabarani ni upepo ulio ndani ya tairi pana. Hapo kuna dhana nyingine potofu, kwamba tairi lililojazwa mpaka liwe gumu kama jiwe ndilo linalokwenda kasi. Kwenye lami mbovu tairi gumu linarukaruka, na kila mruko unakula nguvu yako. Namba iliyochapwa ubavuni ni kikomo cha juu, si lengo. Tairi la milimita 45 huwa sawa likiwa karibu na baa 3 (baa ni kipimo cha shinikizo la upepo), pungufu kidogo kwa mtu mwepesi, zaidi kidogo kwa mzito au mwenye mzigo.

Ukiwa hapo ubavuni, tafuta namba mfano wa 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea muuza tairi. Inchi zinadanganya: "28" ya baiskeli ya mjini na "29" ya mlimani mara nyingi zote ni 622, ilhali zipo "26" mbili tofauti, 559 na 590, ambazo haziingiliani kabisa.

3. Baiskeli ya umeme

Kama njia yako ina milima mirefu, au unabeba watoto wawili, ipandishe hii iwe ya kwanza bila kusita. Wanaosema ni udanganyifu na haina mazoezi hawajaipanda. Ya aina inayosaidia pedali haisogei mpaka ukanyage. Katika Umoja wa Ulaya sheria inataka mota yake isizidi wati 250 na msaada ukome kwenye kilomita 25 kwa saa. Ukipita hapo, ni miguu yako na kilo 20 hadi 25 za chuma.

Umbali ulioandikwa kwenye tangazo ni wa mtu mwepesi, njia tambarare, msaada wa chini kabisa. Piga hesabu mwenyewe: tazama uwezo wa betri kwa wati-saa, gawanya kwa 10 hadi 15. Betri ya 500 itakupa kilomita 33 hadi 50 za maisha ya kawaida. Kisha uliza kama betri inachomoka ili uichaji ndani, na kama mtengenezaji anauza betri ya kubadilisha. Akisitasita kwenye hilo la pili, ondoka, maana betri itachoka kabla ya fremu.

Usinunue betri isiyo na cheti cha usalama. Kwa Ulaya baiskeli hizi hufuata kiwango cha EN 15194, kwa Marekani mfumo wa umeme hupimwa kwa UL 2849. Tumia chaja yake yenyewe, na usiichaji kwenye korido au mlangoni mnapopita kutoka nje, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka inaziba njia kwa moto ndani ya muda mfupi sana.

4. Baiskeli ya kukunja

Ni ya mpanda treni, mwenye chumba kidogo, na yeyote ambaye ofisi yake haina mahali salama pa kuegesha. Wizi unakuwa si tatizo kwa sababu unaingia nayo ndani.

Watu huhurumia anayeipanda wakidhani magurudumu madogo yanamlazimisha kukanyaga mara nyingi zaidi. Sivyo. Sahani ya mbele imefanywa kubwa zaidi, au vipande vya nyuma vidogo zaidi, na umbali kwa kila mzunguko wa pedali unakaribiana na wa baiskeli ya kawaida. Kasoro ya kweli ni kwamba gurudumu dogo linazama zaidi kwenye shimo, na usukani wake ni mwepesi mno kwa mgeni. Ningechukua ya inchi 20 yenye rimu ya 406, kwa kuwa BMX nyingi, zile baiskeli ndogo za michezo ya kuruka, hutumia rimu hiyohiyo na matairi yanapatikana. Ya inchi 16 inakunjika ndogo zaidi, lakini ulizia rimu yake kabla: ya kampuni ya Brompton ni 349, nyingine ni 305, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine.

5. Ya mbio na ya changarawe (gravel)

Ya changarawe yenye matundu ya kufungia keria na madigadi ni haibridi yenye usukani uliopinda. Kama unaupenda usukani huo, chukua. Ya mbio iache kwa ajili ya mbio.

6. Ya mlimani ya bei rahisi yenye springi mbele na nyuma

Inauzwa sana na ndiyo inayokatisha watu tamaa. Kila ukikanyaga, springi ya nyuma inabonyea na kumeza sehemu ya jasho lako. Uma wa mbele peke yake unaweza kufika kilo 2 na nusu. Matairi yenye meno makubwa yanavuma kwenye lami na kukurudisha nyuma. Keria ya kawaida haiingii. Na huko mlimani kwenyewe haifai: baadhi zimebandikwa kijikaratasi cha onyo kwamba zisitumike kwenye njia mbovu. Kwa bei hiyohiyo utapata haibridi nzuri iliyotumika.

Dukani

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, utazame nafasi kati ya rimu na raba za breki. Ikipanuka na kubana kila mzunguko, gurudumu limepinda. Kamata breki ya mbele na usukume usukani mbele na nyuma. Pasiwe na mchezo. Hakikisha uma haukufungwa kinyume. Ni kosa linaloonekana kweli kwenye baiskeli zilizounganishwa haraka madukani, na utalitambua kwa mkunjo wa uma kuelekea nyuma, kwenye miguu yako. Kama wewe mwenyewe ndiye unayefunga pedali, kumbuka ya kushoto inakazwa kinyume cha saa.

Usiruhusu mtu akupimie urefu wa kiti kwa nyayo zote mbili kugusa chini ukiwa umekaa. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukianza kukanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Kusimama kwenye taa unashuka mbele ya kiti. Na kiti kipana chenye sponji nyingi ni kitamu kwa dakika tano. Baadaye sponji inabonyea na kubana nyama laini, wakati inayopaswa kubeba uzito ni mifupa miwili ya makalio. Kaa juu ya kipande cha boksi gumu, pima umbali kati ya alama mbili zilizobonyea, kisha utafute kiti kinachozipokea zote mbili.

Pesa ya kufuli iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Kufuli la waya linakatwa kwa mkasi wa mkono. Nunua la umbo la U na ulifunge kwenye fremu pamoja na gurudumu.

Kwa iliyotumika, beba rula. Pima mnyororo kutoka pini hadi pini, pingili 24: mpya ni milimita 304.8. Ukikuta 307, umekwisha, na huenda umekula na meno ya nyuma, kwa hiyo punguza bei kwa gharama ya vyote viwili. Pitisha kidole chini ya maungio ya fremu, hasa nyuma ya usukani, utafute rangi iliyopasuka kwa mstari. Mwisho igeuze juu chini: kwenye bomba linaloshika pedali huwa kuna namba za fremu. Zipige picha kabla ya kulipa. Ukikuta zimekwanguliwa, mshukuru muuzaji kwa muda wake, uende zako.