Bwawa la bustani limekuwa kijani: ununue nini kwanza?

Ukitoka alfajiri ukakuta samaki wako wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wanatweta, mtuhumiwa wa kwanza ni mwani, huohuo unaoyafanya maji kuwa kijani. Mchana penye jua hutoa oksijeni. Usiku huivuta wenyewe, samaki wakaachiwa kidogo. Wengi wakifika hapo hukimbilia taa ya UV, ile ya miale isiyoonekana inayoua mwani. Kwangu taa hiyo ni ya mwisho.

Tuchukue bwawa la kawaida la nyuma ya nyumba hapa Dar: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina sentimita 60. Hizo ni lita 1,800.

Namba moja: kivuli

Ni rahisi kwa bei na hakili umeme. Neti ya kivuli, ileile ya vitalu vya miche, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Ya asilimia 50, inayozuia nusu ya jua, inatosha. Itande upande unaochomwa na jua la mchana. Upande wa pili waachie mayungiyungi, maana nayo yanataka jua. Kabla hujamlipa muuza miche, bonyeza kiazi cha yungiyungi: kikibonyea na kunuka, kimeoza. Lipande kwenye ndoo ya udongo wa mfinyanzi bila samadi, kwa kuwa samadi ni karamu ya mwani.

Gugu maji hata ukipewa bure, kataa. Linafunika bwawa upesi kweli, lakini mvua ikilisomba hadi mtoni, halizuiliki tena. Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria.

Namba mbili: pampu na chujio la pipa

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili, yaani kwa bwawa letu lita 900 kwa saa. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Niliwahi kununua ya lita 1,200, nikaiunganisha na pipa lililokaa juu mita moja na kidogo. Yakatoka maji ya kunawia mikono. Kwa hiyo muulize muuzaji: kwa kimo cha pipa langu, inatoa lita ngapi? Uliza na wati. Pampu ya wati 20 ikiwaka saa 24 inakula uniti kama 14 za LUKU kwa mwezi, na usiku huizimi.

Chujio lenyewe usinunue. Pipa la plastiki, sponji na kokoto vinatosha. Bakteria wanaosafisha maji watajijenga humo wenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo vichupa vya bakteria viache dukani. Sponji ioshe kwa maji ya bwawa. Klorini ya bomba inawaua bakteria hao.

Namba tatu: wavu wa mkono

Kwa mwani wa nyuzi. Hata fimbo inatosha: izungushe kama unasokota tambi.

Mwisho: taa ya UV

Maji ya kijani kama supu ya mchicha inayasafisha. Nyuzi zilizoshika mawe haizigusi, kwa sababu kinachopita mbele ya taa ni maji tu. Na mwani iliouua ukikosa chujio la kuunasa, unaoza na kulisha mwani mpya. Balbu nayo hubadilishwa karibu kila mwaka, hata kama bado inawaka, kwani nguvu yake hufifia bila macho kuona. Kama duka halina balbu ya akiba, usinunue taa yao.