Uzoefu wangu: kutunza vipande vya msimbo kwenye GitHub Gist

Anayetengeneza tovuti anaujua usumbufu huu: tatizo ulishalimaliza, ila hukumbuki suluhisho liko kwenye mradi gani. Mimi natunza vipande vyangu vya msimbo kwenye GitHub Gist, huduma ya GitHub ya kuhifadhi na kushiriki vipande vya msimbo, na ninaipenda hasa kwa sababu kila gist ni hazina kamili ya Git, yaani mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya faili. Nikirekebisha kipande, toleo la zamani halipotei.

Chukua kile cha JavaScript cha kisanduku cha kutafutia: ombi haliendi kwenye seva kila herufi inapobonyezwa, bali mtumiaji akishatulia kwa milisekunde 300. Kilianza na setTimeout na clearTimeout tu, za kuanzisha na kufuta kipima muda. Baadaye nikaongeza AbortController ili ombi la zamani likatizwe jipya linapotoka. Kuna miradi isiyohitaji zaidi ya toleo lile jepesi, nami nalichukua kwenye historia ya gist ileile. Faili kadhaa pia hukaa pamoja, kwa hiyo HTML, CSS na JavaScript za menyu moja hazitawanyiki.

Hata hivyo, kipande kisicho na maelezo sikihifadhi kabisa, hasa cha skripti. Tazama amri hii ya kufuta logi za zamani:

find /var/log/programu -name '*.log' -mtime +30 -delete

find hupima masharti kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akiitanguliza -delete mbele ya -name, amri itafuta kila inachokikuta humo kabla ya kuangalia jina wala umri wa faili. Ndiyo maana juu ya kipande hicho nimeandika: endesha kwanza kwa -print, soma orodha, ndipo uweke -delete mwishoni. Naandika pia kilijaribiwa kwenye mfumo gani. sed -i (amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili) inayokwenda vizuri kwenye Linux hugoma kwenye macOS, kwa kuwa kule lazima uitajie kiambishi cha faili la akiba, hata kama ni '' tupu. Maelezo ya mstari mmoja yanakuokolea jioni nzima.

Jambo la kuzingatia sana: gist ya siri si ya faragha. Haitokei kwenye utafutaji, lakini yeyote mwenye kiungo chake anaisoma. Nenosiri na funguo za API hazina nafasi humo. Mimi huacha jina la kigezo cha mazingira tu, mfano $DB_PASSWORD, na thamani yenyewe inabaki kwenye seva.

Folda hakuna, kwa hiyo kila maelezo nayaanza na neno la kundi: css, bash, sql. Kwa vipande vifupi ninavyovitumia kutwa nzima, snipeti za VS Code (kihariri cha msimbo) zinafaa zaidi, maana unaandika kifupisho, unabonyeza Tab, mshale unasimama palepale pa kujaza. Gist naiachia vile virefu, vinavyohitaji maelezo na historia.

Wanaopenda terminali wajaribu gh, zana ya GitHub ya terminali: gh gist create kusafisha.sh -d "bash: kufuta logi za zamani". Bila --public, gist inaundwa ikiwa ya siri. Na kwa kuwa ni Git, git clone inakupa nakala nzima kwenye kompyuta yako, historia ikiwemo, nawe utaisoma hata siku ambayo intaneti haipo.