Fundi bomba aliyeuliza kwanza nani anaishi humu: uzoefu wangu

Mwezi uliopita bomba lililofukiwa katika ukuta wa bafu letu, ghorofa ya tatu huko Upanga, Dar es Salaam, lilianza kuvuja hadi dari ya jirani wa chini ikaingia madoa. Kuhama kwa muda hakukuwezekana, kwani mama yangu ana miaka 78, ana pumu, na siku nyingi hatoki kitandani. Mwaka jana fundi mwingine alivunja vigae vya jikoni bila kufunika chochote, vumbi likaingia hadi kwenye sufuria, na mama akahangaika na kifua kwa siku tatu. Ndiyo maana niliwapokea mafundi hawa wawili kwa wasiwasi mkubwa.

Kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, mkubwa wao aliniuliza nani wamo ndani, mgonjwa analala chumba kipi, na maji tutayahitaji saa ngapi. Aliposikia habari ya pumu alibadili mpango palepale: grenda, mashine ya kukatia vigae, ikarudishwa kwenye gari, mlango wa bafu ukazibwa kwa nailoni, dirisha likaachwa wazi, na vigae vikaondolewa kwa tindo na nyundo huku msaidizi akiulowanisha ukuta kila mara. Alinieleza kwamba vumbi la saruji na vigae lina silika, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo chembe zake ndogo hubaki mapafuni, na kwamba kulifagia likiwa kavu ni kulirusha upya hewani. Hata usafi waliufanya kwa matambara mabichi. Kazi ilichukua muda mrefu zaidi, nami nasema muda huo ulistahili.

Koki ya kufungia maji imo chumbani kwa mama, nyuma ya kabati. Fundi alisimama nje ya mlango, akabisha hodi, akasema, "Shikamoo mama," kisha akangoja mpaka mama alipojifunika khanga vizuri na kumkaribisha. Aliingia bila viatu, akaenda moja kwa moja kwenye koki, akashukuru na kutoka. Mama hapendi kabisa kuonwa na wageni akiwa kitandani, lakini jioni ile alimtaja kijana huyo mara mbili.

Mashine ya kuunganishia mabomba ya plastiki hufikia joto la nyuzi 260, na mwanangu wa miaka minne alikuwa akizungukazunguka. Msaidizi aliiweka pembeni mwa bafu na hakuondoka karibu nayo hata baada ya kuizima, mpaka ilipopoa.

Kasoro zipo, na ninazitaja kwa kuwa ningependa wazirekebishe. Walikuja saa nne na nusu badala ya saa tatu bila kupiga simu, wakati mgonjwa alikuwa amekwisha kuogeshwa mapema kwa ajili yao. Vilevile hawakututahadharisha kwamba maji ya kwanza baada ya kufungua koki yangetoka machafu yakichanganyika na hewa. Bomba lilipotema kwa kishindo, mama alishtuka.

Nililipa shilingi 180,000 pamoja na vifaa. Wiki tatu sasa ukuta ni mkavu, na jirani wa chini amekwisha kupaka rangi dari yake. Bomba la jikoni nitawapa wao, ila nitawaomba wapige simu wakichelewa.