Nyerere na Amin katika Vita vya Kagera

Nyerere wa Tanzania alikuwa mwalimu wa shule, Idi Amin wa Uganda askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyepanda hadi kutwaa nchi kwa mapinduzi ya 1971. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Naye akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda, kisha akapendekeza yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, Muhammad Ali akiwa refa! Watu wa Kyaka, huko Kagera, walikuwa wamekimbia makwao, daraja lao limelipuliwa.

Nyerere alitumia silaha aliyoizoea, yaani maneno. Novemba 2 alilieleza taifa kwa Kiswahili chepesi: sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Wazee wetu bado wanaikariri. Kwangu mimi, hapo ndipo tofauti ilipo: huyu aliwaeleza wananchi wanapigania nini.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Amin alikimbilia Libya, akafia Jeddah mwaka 2003. Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mkanda miezi 18, ila dhiki ikapita hapo kwa miaka. Aling'atuka 1985 na kurudi kijijini Butiama.