Kalenda ya ukutani yenye matukio ya kihistoria: tathmini ya mtumiaji wa Kigoma

Kalenda hii, ambayo kila ukurasa wa mwezi una maelezo mafupi ya matukio ya kihistoria, niliinunua kwa shilingi 6,000 katika duka la vifaa vya shule karibu na soko la Mwanga, na tangu Januari imetundikwa juu ya meza yangu ya kupimia dagaa.

Kilichonishawishi kuinunua ni mwezi wa angani. Kila wiki ina alama za mwezi mchanga, nusu au mpevu, na kando ya kila tarehe kuna tarehe ya Kiislamu kwa tarakimu ndogo. Kwa mfanyabiashara wa dagaa hilo si pambo, kwa kuwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitanda dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wao, hivyo mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Alama hizo hazijanidanganya hata mara moja. Sikukuu za Idd nazo zimewekewa angalizo kwamba hutegemea mwandamo.

Uangalifu huo haukufika kwenye historia. Chini ya 26 Aprili imeandikwa kwamba siku hiyo ya mwaka 1964 ndipo jina la Tanzania lilipozaliwa, ilhali nchi iliyoungana siku hiyo iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina tunalolitumia leo lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Chini ya 10 Novemba tunasoma kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mvumbuzi Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, basi, kana kwamba tarehe hiyo haina mgogoro. Ni hesabu ya Stanley. Livingstone, ambaye safari na maradhi vilikuwa vimemvuruga asijue siku, aliliweka tukio hilo katika Oktoba. Mistari miwili tu ingetosha kulieleza, na nafasi ilikuwapo, kwa sababu nusu ya ukurasa huo imejazwa picha ya maua.

Lililoniudhi zaidi ni Julai. Mchapishaji ameweka Saba Saba na Siku ya Mashujaa, akaishia hapo, kwenye mwezi ambao kwetu Kigoma umejaa matukio: tarehe 14 mwaka 1960 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe, na tarehe 26 mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani meli yao Graf von Götzen ili adui asiipate, meli ileile iliyoibuliwa baadaye, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Waya wa juu ni imara, lakini karatasi inang'aa mno na wino hufutika kwa kidole. Hizo tarehe mbili za Julai nimeziandika kwa penseli ya seremala, nikaikandamiza.